Taa nyekundu ya oili imewaka? Usikimbilie kununua sensa (somo na maswali)

Wadau habari za asubuhi, Arusha huku ni ile baridi ya mwezi wa saba spana yenyewe inauma vidole, nikaona kabla magari hayajaanza kuingia niandike hili somo maana kila wiki naletewa gari stori ni ileile, "fundi taa ya oili inawaka ila nimeambiwa ni sensa tu".

Hiyo sensa tu imeua injini nyingi jamani. Mimi mwenyewe kabla sijawa fundi ilinikuta. Nilikuwa na Noah yenye injini ya 3S, ikapigwa sevisi gereji moja mjini, nikaondoka nayo kwenda Moshi, kufika Usa River taa ikaanza kupepesa, nikampigia jamaa aliyeifanyia sevisi akanijibu hiyo sensa hiyo we twende tu, nami nikatwanga. Kikatiti injini inagonga kama mtu anaponda debe. Kuja kufungua, kumbe ule mpira wa filta ya zamani ulibaki umeng'ang'ania kwenye bloku, akafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira, presha ikasukuma oili yote ikaishia lami. Beringi za konrodi zimekwisha, krenki (ile shafti kuu ya injini) imechubuka. Taa ilikuwa inasema ukweli muda wote, mimi ndo sikuisikiliza.

Sasa tuelewane. Taa NYEKUNDU ile ya kikopo chenye tone haikwambii oili ni kiasi gani, inakwambia presha hamna. Unaweza ukawa na oili imejaa mpaka juu na presha sifuri. Na kile kidude tunachokiita sensa, kwenye Toyota nyingi tunazoendesha ni swichi tu yenye waya mmoja. Injini ikiwa imezimwa swichi inagusanisha ule waya na bodi (yaani chuma cha gari), taa inawaka. Ukiwasha, presha ikipanda kidogo tu inasukuma ndani ya swichi, waya unaachana na bodi, taa inazima. Basi, hamna uchawi mwingine. Ukishalielewa hili vipimo vyote vya chini utavielewa.

Hatua ya kwanza, imewaka ukiwa njiani: kaa pembeni ZIMA. Usiseme gereji ni hapo mbele tu kilomita mbili. Tafuta pa usawa (najua watu wa Kibosho mtacheka, usawa tuutoe wapi), subiri dakika 10 oili ishuke, chomoa kijiti cha kupimia, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena ndo usome. Iwe kati ya alama mbili, na kwenye magari mengi madogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja hivi. Kama ipo chini ongeza kidogokidogo huku unapima. Usizidishe, krenki ikianza kuichapa inakuwa povu na povu halileti presha. Hapohapo inuse, ikinuka petroli imeshakuwa nyepesi, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji yanaingia na gari liende kwa kuvutwa. Chungulia na chini pia kama kuna bwawa.

Hatua ya pili, washa switchi ya ufunguo bila kupiga stata. Taa LAZIMA iwake. Isipowaka ama balbu imekufa, ama waya umekatika, ama kuna mtu kaichezea. Na wanaonunua magari ya mkononi nisikilizeni hapa, kuna wajanja wanaunga taa ya oili ifuate taa ya chaji, inawaka na kuzima vizuri kabisa, we unafurahi kumbe injini ni marehemu. Dawa yake ni hatua inayofuata.

Ya tatu, waya. Switchi ya ufunguo ikiwa on injini imezimwa, chomoa waya kwenye swichi ya oili, mara nyingi ipo kwenye bloku maeneo ya filta. Taa inatakiwa izime. Isipozima, waya umechubuka mahali unagusa bodi, au ndo umechezewa kama nilivyosema. Kisha chukua ule waya uguse kwenye chuma cha injini, taa iwake. Ikigoma, fuatilia waya mpaka dashibodi. Kwa wanaolaza gari karibu na ghala la mahindi anzeni na panya kwanza, sitanii.

Ya nne ndo yenyewe, na ndo mafundi wengi wanairuka: PIMA PRESHA KWA GEJI. Fungua swichi (Toyota nyingi boksi spana ndefu ya namba 24 inaingia), funga geji ya mshale ya kupimia presha pale, washa, acha injini ipate moto kabisa. Ukipima ikiwa ya baridi asubuhi hii ya Arusha utadanganyika, oili ikiwa nzito presha inakuwa juu. Injini ndogo nyingi za Toyota za petroli ikiwa imetulia isipungue psi 4 (psi ni kipimo cha presha), na ukiipandisha mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika zipo zinazotakiwa zifike psi 43 mpaka 78. Namba za gari lako kamili angalia kitabu chake. Geji ikisoma vizuri na taa bado inawaka, haya sasa kanunue swichi kwa amani. Geji ikisoma chini, swichi haina kosa: shusha sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) uangalie chujio la pampu kama limezibwa na masizi, halafu pampu yenyewe, halafu beringi.

Kufunga swichi mpya usizungushe tepu nyeupe ya mabomba kama unafunga bomba la choo. Swichi ya waya mmoja inapata bodi kupitia zile nyuzi zake za kukazia, tepu ikizidi inakata bodi na taa haitawaka hata siku presha ikiisha, na vipande vyake vinaingia kwenye njia za oili. Gundi kidogo kwenye nyuzi inatosha, kaza kawaida tu.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu IST yangu inawaka ikishapata moto tu, nikisimama foleni. Nikikanyaga inazima. Nimeshabadili swichi mara mbili.
Jibu: Ya tatu usinunue kaka. Hiyo ni dalili ya presha kuwa ndogo kweli, oili ikipata moto inakuwa nyepesi. Pima kwa geji. Na atakayekwambia weka oili nzito taa itazima, itazima ndio, ila ugonjwa upo palepale na injini yako ya 1NZ ina VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) inayotumia hiyohiyo oili, haipendi uji.

Dada wa Himo: Shikamoo fundi. Golf yangu inaleta taa ya NJANO nikipanda Marangu, kijiti kinaonyesha oili ipo.
Jibu: Marahaba dada. Njano ni habari ya kiwango siyo presha, kwa hiyo hapo pumua kidogo. Ile sensa inakaa chini ya sampu, ukiwa kwenye mlima oili inakimbilia upande mmoja. Pima pa usawa. Ikiwaka hata pa usawa na oili ipo, angalia soketi yake, mawe yanaipiga sana. Kuibadilisha ni lazima umwage oili kwa hiyo subiria siku ya sevisi. Angalia na swichi ya boneti, Volkswagen nyingi zinafuta hiyo alama zikijua boneti limefunguliwa, ikifa alama inabaki.

Chalii wa Sakina, dereva wa watalii: Bro Land Kruza ya injini ya dizeli 1HZ, mshale wa oili umelala sifuri tuko porini, rafu rodi zimetutikisa balaa. Wageni wamekaa.
Jibu: Zima kwanza wape wageni maji. Pima kijiti. Hiyo ni ya mshale siyo taa, inaenda kinyume: chomoa waya kwenye sensa, uguse bodi kwa kupitia balbu ndogo, mshale ukipanda basi waya na geji ni wazima. Kisha fungua sensa, zuia dizeli isiwake, piga stata sekunde chache. Oili isiporuka pale hapo usiwashe, ita gari lingine. Ikiruka pampu inafanya kazi, ila hujajua presha ni ngapi, kwa hiyo tembea taratibu mpaka penye geji.

Mzee wa Pasua: Plagi ya swichi imejaa oili ndani, fundi amepaka silikoni nje.
Jibu: Shikamoo mzee. Hiyo swichi imepasuka ndani, badilisha leoleo maana oili inapanda na waya inafika mpaka kwenye soketi za mbele. Safisha plagi kwa dawa ya kusafishia umeme, na hiyo silikoni ibandue yote kabla hujafunga mpya.