Kinanda ndani ya laptopu: kuanza na sinthesaiza za programu

Mwaka mzima nililaumu laptopu yangu. Nagusa noti, sauti inafika baadaye, kama mtu anayeitikia kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimeanza hata kuulizia bei ya mashine nyingine hapa Kisumu. Kumbe mpangilio ndio ulikuwa mbovu, kwa hivyo tuanzie hapo kabla ya kutaja sinthesaiza yoyote, yaani programu ya kutengeneza sauti za ala.

Hatua ya 1: ondoa ucheleweshaji. Kwenye Windows unahitaji draiva ya ASIO, yaani programu ya kupitisha sauti haraka hadi kwenye kadi ya sauti. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, tumia draiva ya aliyeitengeneza. Usipokuwa nayo, ASIO4ALL ni ya bure. Kisha tafuta bafa, yaani idadi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 hukuchelewesha milisekunde 23 hivi, na ya 256 karibu 6. Wakati wa kupiga weka 256. Ukisikia sauti inakwaruza, prosesa imelemewa, panda hadi 512. Wakati wa kuchanganya nyimbo rudi 1024, maana hapo hupigi chochote. Na tafadhali, spika ya Bluetooth weka kando: ile ina ucheleweshaji wake wenyewe na hakuna bafa itakayoutoa. Hedifoni za waya, hata za bei ya chini, zinatosha.

Hatua ya 2: tafuta programu ya kurekodia, kwa sababu sinthesaiza nyingi huishi ndani yake. Mimi natumia Reaper; unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu wa nyumbani ni dola 60. Faili za VST3, aina ya plagini (programu inayofunguka ndani ya nyingine, kama sinthesaiza hizi), hukaa Program Files, ndani ya Common Files, folda ya VST3. Ukiziweka kwingine, usishangae programu ikisema haizioni.

Hatua ya 3: chagua moja. Nasema moja. Nimeona vijana wenye plagini mia mbili ambao hawajamaliza hata wimbo mmoja. Hizi tatu zina matoleo ya bure. Dexed inaiga Yamaha DX7 ya 1983. Ni nyepesi sana, na kengele zake na piano zake za umeme utazitambua mara moja. Vital inakuonyesha kwenye skrini kila kinachosogea, kwa hivyo ni mwalimu mzuri, ila mashine kuukuu itahema. Surge XT ndiyo ninayokaa nayo, na sababu yake ni nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Hatua ya 4: jaribu hili. Fungua Surge XT na sauti tupu ya kuanzia, kisha badilisha osileta (chanzo cha sauti) ya kwanza iwe String. Hiyo hukokotoa mwendo wa uzi uliodonolewa. Chagua kichocheo cha mlipuko mfupi, kisicho endelevu. Punguza muda wa kufifia hadi noti ife upesi, halafu ongeza ugumu wa uzi kidogo kidogo. Nyatiti ina nyuzi nane, basi jinyime: tumia noti nane tu. Zikisikika safi mno, kama za kanisani, Surge XT hupokea faili za Scala za kubadilisha vipimo vya noti. Sogeza mbili tatu kwa sikio lako. Ule mgongano wa pete ya chuma ambayo mpiga nyatiti huvaa kidole cha mguu uweke kwenye traki yake, yaani mstari wake wa kurekodia. Mzee mmoja jirani alisikiliza akacheka, akasema ni nyatiti ya mtu aliyekulia Nairobi. Nililipokea kama sifa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, niko Nakuru, RAM yangu ni GB 4. Itabeba?
Itabeba, ndugu. Hizi tatu hutengeneza sauti kwa hesabu, hazipakii rekodi nzito, kwa hivyo mzigo mkubwa uko kwa prosesa. Traki ukishairidhia igeuze iwe sauti ya kawaida, kisha uzime sinthesaiza yake.

Sina kibodi ya MIDI, ile ya piano inayochomekwa kwenye kompyuta.
Reaper ina kibodi ya kwenye skrini, unapiga kwa herufi za laptopu. Kasoro ni kwamba noti zote hutoka kwa nguvu moja, kama roboti. Zipunguze na kuziongeza kwa mkono baadaye.

Nipe sinthesaiza ya ngoma za isukuti, niko Kakamega.
Dada, wewe uko Kakamega unatafuta isukuti kwenye kompyuta? Nenda na simu pahali penye wapigaji, omba ruhusa, rekodi kila ngoma peke yake: pigo la katikati, pigo la ukingoni, laini na kali. Kisha uyapakie kwenye ReaSamplOmatic5000, plagini ya kupigia rekodi zako, inakuja na Reaper. Ngozi ina mambo mengi ambayo osileta haiyawezi.

Kuna mtu ananiuzia flashi yenye plagini zilizovunjwa, yaani za wizi zisizo na leseni, shilingi 300.
Mimi nililipa zaidi ya hapo, nikapata virusi, nikapoteza kazi ya wiki tatu. Hizo mia tatu nunua bando, upakue Surge XT.