Enduro yako ya kwanza hapa Moshi: anza na breki, miguu baadaye

Wadau wa baiskeli, tangu tuanze kupangiana hizi enduro zetu za huku mlimani Kilimanjaro napata meseji nyingi, watu wanauliza "kaka nina baiskeli ya milima, nifanye mazoezi gani", na karibu wote wanauliza kuhusu pumzi na miguu. Mtu wa mara ya kwanza haangushwi na miguu aisee, anaangushwa na mikono na breki. Nimeona vijana wanapanda mpaka kule Uru, juu ya mji, kama hamna kitu afu kwenye kushuka vidole havivuti tena.

Kwa asiyejua, enduro sio mbio za nani kafika juu kwanza. Mnapanda kwa mwendo wenu, mnapiga stori, muda unahesabiwa mkiwa mnashuka tu, kipande kwa kipande, na kila kipande tunaita steji. Mnatoka mmoja mmoja mnapishana sekunde 30 au dakika, jioni muda wa steji zote unajumlishwa, mwenye muda mdogo ndo kashinda. Kupanda hakuhesabiwi ila umepewa saa ya kuwa juu, ukichelewa unaongezewa muda. Mashindano ya dunia ya enduro yalianza hivi hivi mwaka 2013, Jerome Clementz wa Ufaransa na Tracy Moseley wa Uingereza ndo walichukua ubingwa mwaka ule. Sasa we fikiria, ukianguka steji ya kwanza ukapoteza dakika mbili unatafuta cheni kwenye migomba, hizo dakika hamna steji itakayokurudishia, kwa hiyo mwendo wa kutoanguka ndo mwendo wa haraka kwako.

Haya, breki. Geti la Mweka, lile la hifadhi ya Kilimanjaro, liko kama mita 1,640 kutoka usawa wa bahari, mjini ni kama mita 800 na kitu, yaani kutoka kule kuja mjini unashuka karibu mita 800. Mteremko kama huo ukiwa umekamata breki mwanzo mwisho vitu viwili vinakufa, mikono yako na breki yenyewe. Mi enduro yangu ya kwanza nilishikilia breki ya nyuma steji nzima, kwenye kona karibu na mwisho navuta leva (ule mkono wa breki) inakuja mpaka kwenye usukani, hamna kitu, nikapita katikati ya migomba ya mtu. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yakachemka. Mafuta ya breki ya aina ya DOT yanavuta unyevu wa hewani, yakikaa sana yanachemka mapema, ndo maana inabidi yabadilishwe hata kama yanaonekana mengi.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: maduka ya spea za pikipiki wanauza DOT 4, utaikuta kila mahali, ila kama breki zako ni Shimano usiiweke. Shimano wanatumia mafuta ya madini, breki nyingi za kampuni ya SRAM zinatumia DOT, ukichanganya mpira wa ndani unavimba, breki imekwisha. Soma pale kwenye leva au kifuniko chake kimeandikwa nini kabla fundi hajafungua. Afu chomoa pedi uziangalie kwa macho, ile nyama ya pedi ikibaki chini ya milimita 1 tupa, weka mpya, na mpya usiende nazo kwenye mbio hivyo hivyo. Tafuta barabara yenye mteremko mdogo, kimbiza kidogo afu punguza mpaka mwendo wa kutembea bila kufunga tairi, rudia kama mara 20 ndo zinaanza kuuma. Diski usiishike na vidole vya mafuta, na unapopaka cheni mafuta weka tone tone, usipulizie.

Leva isogeze ndani uivute na kidole kimoja tu, cha shahada, vingine vinne vishike usukani. Halafu jifunze kushika breki kwa nguvu sehemu fupi na kuachia. Mi nachagua mgomba mmoja kabla ya kona, nikiufikia nimeshamaliza kazi ya breki, kona naingia nimeachia, macho yako kule ninakotokea. Fanya kona hiyo hiyo mara kumi, usikimbilie njia nzima. Wiki mbili tu za hivyo utashangaa mikono inavyopona.

Kitu cha pili, tembea steji kwa miguu. Watu hawapendi hii kwa sababu inachosha, ila kuna vitu ukiwa juu ya baiskeli huvioni. Njia zetu za vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, zinakatwa na mifongo, ile mifereji ya maji ya kumwagilia, mingine imefunikwa na majani, tairi la mbele likiingia pale unaruka juu ya usukani. Unasimama, unaangalia mfongo una upana gani, unaurukia wapi, ukitua kuna jiwe au hamna. Siku moja natembea steji huko Uru nimesimama kwenye mwamba mmoja mkubwa napiga hesabu nipite juu yake, akaja bibi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia na helmeti yangu mkononi, akasema "mjukuu wangu, hapo juu tunapaacha, pana utelezi hata jua likiwaka, sisi wote tunapita chini." Nikashuka kuangalia, kweli, juu kulikuwa na ukoga na maji yanachuruzika kidogo kutoka kwenye mfongo wa juu, na chini kuna njia nyembamba imekanyagwa na watu miaka yote, udongo mgumu. Siku ya mbio nilipita chini, wawili waliopita juu wakalala pale.

Ndo maana nasema waamkie watu na uwaulize. Na pia hizo njia ni zao, mwenyekiti wa kitongoji ajue siku na saa, kila njia panda asimame mtu wa kuzuia watoto na mifugo, na ndani ya mpaka wa hifadhi ya Kilimanjaro usiingie na baiskeli bila kibali.

Udongo wetu wa volkano una tabia mbili. Kiangazi unakuwa vumbi laini kama unga wa sembe, tairi linaelea, kona unaingia taratibu kuliko unavyotaka. Masika sijui hata kwa nini mtu apange mbio, ni sabuni tupu. Upepo wa tairi ndo unaokuokoa: kama una tubulesi (tairi lisilo na tyubu) na uzito wako ni kilo 70 hivi, anza na psi 23 mbele na 26 nyuma, kama una tyubu panda 28 mbele na 31 nyuma, maana tyubu yenye upepo kidogo ukigonga jiwe inatobolewa matundu mawili na rimu. Pima kwa geji, sio kwa kuminya na kidole gumba.

Shokapu wala usiumize kichwa. Vaa kila kitu mpaka begi, panda, simama kwenye pedeli mtu akushikie, shusha ile ringi ya mpira mpaka chini, shuka taratibu bila kubonyeza tena, pima imetembea kiasi gani. Mbele asilimia 20, nyuma asilimia 30, yaani shokapu ya mbele ya milimita 150 iwe imekaa milimita 30. Imezidi, ongeza upepo.

Pedeli za kawaida zenye meno zinatosha kabisa. Sam Hill wa Australia alichukua ubingwa wa dunia wa enduro mara tatu mfululizo, 2017 mpaka 2019, na pedeli bapa, kwa hiyo usikope hela kununua viatu vya kubana. Hiyo hela weka kwenye helmeti ya kufunika mpaka kidevu na pedi za magoti. Glavu, miwani, jezi ya mikono mirefu, ukizunguka soko la mitumba la Memorial hukosi kitu, ila helmeti ya mtumba mi sinunui, hujui ilishagonga wapi.

Begini weka tyubu moja, pampu, viraka na solushen, alenki, kiungio cha cheni, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu, kile kinapinda kirahisi na kila fremu ina cha kwake, agiza mapema maana siku ya mbio hutakiazima kwa mtu. Maji kama nusu lita kwa saa, tia chumvi na sukari kidogo. Usiku kula ndizi nyama au wali, asubuhi mtori mwepesi au uji masaa mawili kabla ya kuanza, njiani ndizi mbivu na kashata, kula kwenye kupanda hata kama husikii njaa.

Kwenye kupanda kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema umezidisha, shuka usukume, hakuna anayekucheka. Ukifika juu shusha siti, fungua loki ya shokapu (watu wanaisahau kila mara), weka gia ya katikati, kunja na kunjua vidole mpaka mikono ilegee. Ukisikia mwenzako nyuma anaita mpishe mahali papana, utapoteza sekunde mbili tu. Ukimkuta mtu kalala simama, steji yako inarudiwa au inafutwa, na ukigonga kichwa wewe siku imeisha hapo hapo, unapelekwa hospitali hata kama unajisikia poa.

Ukimaliza, au ukiamua kuacha katikati ukachukua boda kurudi nyumbani, mpigie anayeshika muda umwambie. Mwaka jana tulimtafuta jamaa mmoja kwenye mabonde mpaka saa mbili usiku na tochi za simu, kumbe alishafika kwake anaoga.