Kurekodi kwaya ya sauti nne kwa laptopu moja na maiki mbili

Kwaya nyingi nilizofanya nazo kazi hapa Mwanza zilinijia zikiwa na nyimbo zilizorekodiwa kwa namna moja. Mpiga kinanda alitengeneza mdundo, wanakwaya wakaingizwa studio wawili wawili kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na hedifoni zilikuwa mbili tu, na mwishowe ikatoka sauti safi ya watu sita waliorudiarudia, ilhali kwaya yenyewe ina watu thelathini. Mama aliyeimba sauti ya pili kwa miaka mingi anausikiliza wimbo wa kwaya yake na hajisikii humo. Hapa nitaeleza namna ya kuirekodi kwaya nzima katika ukumbi uleule inamofanyia mazoezi, kwa kutumia laptopu moja, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki, maiki mbili za kondensa zilizo sawa na spika moja.

Programu ya kurekodi ninayoitumia ni REAPER, ingawa hatua zote zinawezekana pia katika Cubase, Ardour au FL Studio. Ninaipendelea kwa sababu faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 50, linafanya kazi bila taabu kwenye laptopu ya zamani, na unaruhusiwa kulijaribu kwa siku 60 kabla ya kulipia leseni, ambayo kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Programu zilizoibwa zinazosambazwa kwenye flashi sizishauri, kwa kuwa mara nyingi hubeba virusi, na hakuna aibu kama programu kujifunga huku watu thelathini wamesimama mbele yako. Sakinisha pia draiva ya kadi ya sauti kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza. Kama unatumia Windows na kadi haina draiva yake ya ASIO, yaani ile inayopitisha sauti haraka bila kuchelewa, ASIO4ALL inaweza kukusaidia.

Kabla ya kurekodi chochote, fungua folda mpya yenye jina la wimbo, hifadhi mradi humo kwa Ctrl+S, kisha bonyeza Alt+Enter na uweke kiwango cha sampuli, yaani mara ambazo sauti hupimwa, 48,000 kwa sekunde. Kina cha rekodi kiwe biti 24. Kwa kiwango hicho traki moja ya maiki, yaani mstari mmoja wa sauti ndani ya programu, hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika tano wenye traki 12 unahitaji karibu megabaiti 520, na hiyo ni kabla ya kurudia hata mara moja. Ingia katika mipangilio kwa Ctrl+P na uiamuru programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Tena, chaji betri ijae na urekodi ukiwa umechomoa chaja: umeme ukikatika, kinanda na spika vitanyamaza lakini kilichorekodiwa kitabaki, na utaepukana na ule mvumo ambao chaja nyingi huuleta soketi isipokuwa na waya wa ardhi.

Kuhusu ukumbi, yapo mambo machache tu ya kuzingatia, lakini hayakwepeki. Ulioezekwa kwa mabati bila dari haurekodiki mvua ikinyesha, kwa hiyo ukiweza panga kazi kati ya Juni na Agosti, na kama ni msimu wa vuli au masika, kubalianeni mapema siku ya akiba. Zima feni na friji. Kwa kumbi zilizo karibu na ufuko, kama za upande wa Kirumba, funga madirisha kabla ya kuwasha taa za jioni, la sivyo wadudu wa ziwani watajaa kwenye taa na mtu atakohoa katikati ya ubeti. Sakafu ya saruji itandike mikeka, na ukuta ulio nyuma ya waimbaji uutundike mablanketi mazito. Trei za mayai, ambazo watu huzigandisha ukutani kwa bidii, hazisaidii kitu kikubwa; ni karatasi nyepesi, na sauti nene hupita kana kwamba hazipo.

Traki ya kwanza kurekodiwa ni ya kuongozea. Mwombe mwalimu wa kwaya aimbishe ubeti mmoja bila kinanda, uhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na hiyo ndiyo kasi utakayoiandika kwenye programu. Kasi itokane na waimbaji. Mdundo uliowekwa na kiwanda ndani ya kinanda haujui mwalimu anavuta pumzi wapi. Kisha mpiga kinanda, akiunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye kadi, arekodi wimbo mzima kwa sauti laini ya piano au ogani, akitanguliwa na mapigo manne ya kuingilia. Usiweke matoazi wala metronomu kali, yaani mlio wa kuhesabia mapigo, katika traki hii. Mimi niliwahi kuiacha metronomu ilie mpaka mwisho, na siku ya kuchanganya sauti nikakuta kwamba noti ya mwisho, ile ambayo kwaya huishikilia huku ikififia taratibu, ina tik, tik, tik ndani yake kama saa ya ukutani. Hakukuwa na njia ya kuiondoa isipokuwa kuwaita watu tena.

Sasa panga watu. Wasimame nusu duara katika safu mbili au tatu, besi na sauti ya tatu nyuma, sauti ya kwanza na ya pili mbele. Maiki mbili zisimikwe katikati, karibu mita mbili kutoka safu ya mbele, zikiwa juu kidogo ya vichwa na kuinamishwa kuelekea waimbaji. Ziachanishe kwa sentimita 17, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, kwa pembe ya digrii 110. Washa volti 48 kwenye kadi, maana maiki za kondensa hazitoi kitu bila umeme huo. Spika, ambayo itawachezea waimbaji ile traki ya kuongozea, iwekwe nyuma ya maiki ikiwaelekea wao, kwa sababu maiki nyingi za aina hii husikia vizuri mbele na vibaya mgongoni. Sauti ya spika iwe ndogo kiasi kwamba mtu wa safu ya nyuma aisikie akinyamaza, na akiimba aifuate kwa shida kidogo.

Kurekebisha geini, yaani kiasi ambacho kadi huikuza sauti ya maiki, kunataka subira. Waambie waimbe ile sehemu yenye nguvu kuliko zote, mara nyingi kiitikio cha mwisho pale sauti ya kwanza inapopanda, na uzungushe geini mpaka vilele viguse desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo ambacho sauti ikikipita hupasuka. Utaona mita inabaki chini na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Watu wakijaribiwa huimba kwa haya, na taa nyekundu ikiwaka huongeza nguvu, hivyo zile desibeli 12 zitapungua zenyewe hadi sita au saba. Kwa biti 24, sauti iliyorekodiwa chini kidogo huinuliwa baadaye bila hasara, lakini iliyopasuka haishoneki.

Tengeneza traki mbili kwa Ctrl+T, moja kwa kila maiki, zipe majina, uziweke tayari kurekodi, na uhakikishe sauti ya maiki hairudi kwenye spika. Bonyeza Ctrl+R. Rekodi kwaya nzima mara tatu mfululizo bila kusimama kurekebisha makosa madogo. Mara ya pili huwa bora. Ya tatu ni akiba.

Baada ya hapo inafuata hatua ambayo wanakwaya huiona kichekesho. Waombe wabaki palepale waliposimama, wasisogee na wasiimbe, kisha urekodi wimbo mzima kwa mara ya nne huku spika ikicheza traki ya kuongozea kwa kiwango kilekile na geini zikiwa zilezile. Utakachopata ni sauti ya spika peke yake kama maiki zilivyoisikia ndani ya ukumbi ule, pamoja na miili ya watu walewale wanaonyonya mwangwi. Ichukue rekodi hii ya ukimya, iweke kwenye traki mpya chini ya ile ya kuimba, katika muda uleule bila kuisogeza hata kidogo, na ubonyeze alama ya duara lililokatwa na mstari ili kugeuza fezi. Mawimbi yaliyokuwa yanapanda sasa yanashuka, na kinanda kilichovujia kwenye maiki kinajifuta chenyewe, huku waimbaji wakibaki. Hakifutiki chote: sauti nene hutoweka karibu kabisa, nyembamba hubaki kidogo kwa kuwa hakuna binadamu anayesimama kama nguzo kwa dakika tano. Hata hivyo kilichobaki hufunikwa kwa urahisi na vyombo vya kweli utakavyoviweka baadaye. Fanya hivyo kwa kila maiki na ukimya wake, uziunganishe ndani ya folda moja ya traki, na madoido yote uyaweke kwenye folda hiyo, kamwe si kwenye traki moja moja, kwani ukiigusa moja tu hesabu ya kufutana inaharibika. Jihadhari pia na jambo hili: rekodi ya ukimya itatumika chini ya kila marudio, kwa hiyo bodaboda moja ikipita wakati huo, imepita katika marudio yote matatu.

Kama muda unaruhusu, rekodi tena kila sauti peke yake, ikisogea karibu hadi mita moja tu kutoka kwenye maiki, na kila mara urudie ukimya mpya kwa sababu mpangilio umebadilika. Traki hizi ni za kukazia tu, hasa sauti ya tatu ambayo kwenye kwaya zetu mara nyingi ina watu wachache.

Mwimbaji wa kuongoza huimba akiwa amevaa hedifoni, na hapo ndipo ucheleweshaji unapoanza kuuma. Bafa, yaani fungu la sampuli ambalo laptopu hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa ya sampuli 1,024 kwa kiwango cha 48,000 humcheleweshea sauti yake kwa milisekunde 21 kabla hujahesabu njia ya kurudi, sawa na kujisikia kutoka mita saba, naye ataanza kuburura. Ishushe hadi 128, ambayo ni chini ya milisekunde tatu, na ukishamaliza kurekodi uirudishe juu ili laptopu isikwame wakati wa kuchanganya.

Kuchanganya kwaya ni kazi ya mkono mwepesi. Kata kwa kitufe cha S, chagua ubeti bora kutoka kila marudio, na maungio yafifishwe kidogo. Programu za kunyoosha noti ziache, maana nyingi zimetengenezwa kwa sauti moja na hapa zipo thelathini. Ondoa kila kitu kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 70; noti za chini za besi huanzia kwenye hezi 82 hivi, kwa hiyo hutaidhuru. Punguza desibeli mbili au tatu kati ya hezi 200 na 400, mahali ambapo ukumbi hulundika ukungu wake. Kompresa, yaani kifaa cha programu kinachobana sauti zinazopanda mno, ya uwiano wa 2 kwa 1 ishushe vilele kwa desibeli mbili tu. Kisha sikiliza kwenye spika ya simu: besi itakuwa imepotea, na kuiongezea sauti nene hakutasaidia kwa kuwa spika ile haiwezi kuitoa. Iongezee kidogo kwenye hezi 800 hivi, ambako sikio huitambua noti hata lisipopata mzizi wake.

Toa wimbo kwa Ctrl+Alt+R, faili moja la WAV la biti 24 na jingine la MP3. YouTube na Spotify hushusha nyimbo zinazozidi takriban LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia) 14 chini ya sifuri, basi hakuna sababu ya kuusukuma wimbo mpaka ukakwaruza. Acha vilele viishie desibeli moja chini ya sifuri. Nakili folda nzima kwenye diski mbili tofauti. Na kabla hujang'oa vigingi vya maiki siku ile ya kurekodi, bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni pale miguu yake na spika viliposimama, upige picha, kwa sababu wiki mbili baadaye mwalimu atapiga simu kusema kwamba ubeti wa tatu una neno lililokosewa.