Spika za mezani: nunua za umbali wa mkono, sio za sebuleni

Wengi wanaoniuliza wanunue spika gani za kuweka pembeni ya kompyuta wanaanza na swali moja, zina wati ngapi? Naelewa linakotoka, maana tumekulia kwenye sabufa, lile boksi kubwa chini na vispika vyake pembeni, na muuzaji pale Sokoine Road hapa Arusha anakusifia kwa vile vioo vya duka vinavyotetemeka. Sebuleni sawa kabisa. Ila mezani umekaa sentimita 70 au 80 toka kwenye spika, yaani ukinyoosha mkono unaigusa, na hapo hesabu yote inabadilika.

Iko hivi. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda desibeli 6. Toka kochi la mita 3 kuja sentimita 75 umepunguza nusu mara mbili, zimepanda desibeli 12, na desibeli 12 ni sawa na nguvu mara 16. Kwa hiyo wati 1 hapo mezani inasikika kama wati 16 ukiwa kwenye kochi (chumbani kuta zinarudisha sauti kwa hiyo tofauti inapungua kidogo, lakini umenielewa). Jozi yenye wati 20 kila upande, hizo za kweli, huwezi kuimaliza ukiwa umekaa mbele yake, masikio yatakuuma kwanza. Na masikio yenyewe yana mpaka, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, na sisi tunaokaa kwenye meza kutwa nzima masaa 40 tunayafikisha bila hata kujua. Halafu ukiona boksi limeandikwa PMPO elfu kadhaa usilisome, hiyo namba ni ya kuuzia tu. Tafuta palipoandikwa RMS, hizo ndo wati za kweli.

Sasa tunazungumzia spika gani. Ni zile boksi mbili ndogo zinazolingana, kila moja ina wufa (ile ya sauti nzito) ya inchi 3 mpaka 4 na twita (ya sauti nyembamba) kadogo juu yake, amplifaya, yaani kikuza sauti, imefichwa ndani ya boksi moja na waya unatoka hapo kwenda kwa mwenzake. Mfano unaojulikana sana ni Edifier R1280T, wufa ya inchi 4, wati 21 kila upande, urefu wake kama sentimita 23, na kwa pembeni ina vitufe vya kuzungusha vya bezi na tribo (sauti nzito na nyembamba). PreSonus Eris E3.5 ndogo zaidi kidogo, nayo nzuri kwa meza nyembamba. Ukikuta jozi haina waya wa umeme kabisa, wala wa USB, hiyo inataka amplifaya ya nje, usibebe ukidhani umepata bei nzuri.

Mi naediti video za harusi na send-off, nimepanga Sakina, chumba kama mita tatu kwa tatu, ukuta mmoja nimeshea na mama mwenye mtoto mchanga. Kwa hiyo ninachotaka kwenye spika ni sauti ya mtu, aongee nimwelewe kwa sauti ya chini. Siku naenda kununua nilibeba flashi yenye vitu vitatu tu, hotuba ya mzee mmoja wa Machame niliyoirekodi ukumbini, gitaa la peke yake, na singeli. Kijana wa duka akachomeka, akazungusha bezi mpaka mwisho, akasema "bosi sikia hii, inagonga mpaka barabarani." Nikamwambia kaka naomba rudisha bezi katikati na sauti ishushe mpaka tuweze kuongea mimi na wewe. Ile jozi ya kwanza, kubwa, yenye mataa, mzee akawa anaongea kama yuko ndani ya pipa. Tukachomeka nyingine ndogo haina mbwembwe yoyote, nikasikia mzee anameza mate kabla hajataja jina la binti yake, na kiti cha plastiki kikilia mahali fulani nyuma. Nikalipa.

Hicho ndo kipimo changu mpaka leo na nakushauri hivyo hivyo, jaribu kwa sauti ya CHINI. Kwa sauti ya juu kila spika dukani ni tamu. Chukua sauti ya mtu unayemjua, au mtangazaji wa redio uliyemzoea, ukiona unaweza kumsikiliza dakika tano bila kutamani kuzungusha kitufe chochote, hiyo ni yako. Singeli nayo inasaidia maana inaenda mbio, spika mbovu inachanganya ngoma zote zinakuwa tope moja.

Baada ya hapo simamisha muziki, pandisha kitufe cha sauti mpaka nusu, weka sikio umbali ule ule wa kukaa mezani. Kuna spika zinatoa shhhhh ya chini chini. Kwenye kochi hutaisikia, lakini saa nne usiku mtaa umetulia na wewe upo hapo mbele yake itakukera kila siku. Wengi hawapimi hili na ndo linalowafanya wauze spika baada ya mwezi.

Kuhusu umeme naomba unisikilize vizuri. Kwetu ni volti 230. Spika nyingi za mtumba zinakuja toka Japani ambako ni volti 100, au Marekani ambako ni 120. Mi niliwahi kununua jozi nzuri mno ya mtumba, mbao tupu, nzito, nikafika nyumbani nikabadilisha kichwa cha plagi nikachomeka, haikumaliza dakika, ikatoa mlio mmoja wa tk na harufu ya kitu kuungua. Fundi wa Kaloleni alipoifungua, koili za transfoma zilikuwa nyeusi kama mkaa. Nilikuwa nimeangalia kila kitu isipokuwa kile kibandiko cha nyuma. Kwa hiyo geuza spika, soma kwanza. Ikiandika 220-240 au 100-240 uko salama, ikiandika 100 peke yake au 120 peke yake utahitaji transfoma ya kushusha umeme, piga hesabu na hiyo bei kabla hujatoa hela. Na umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi kwa kishindo.

Ukishachomeka nyumbani unaweza kusikia mmmmm nzito isiyoisha. Hii ni tofauti na shhhh, na mara nyingi spika haina kosa. Chomoa chaja ya laptopu, iache itumie betri, mvumo ukikata basi ni umeme mdogo unaozunguka kwenye njia ya ethi (waya wa ardhini) kati ya chaja na spika. Usije ukakata pini ya ethi kwenye plagi, ile ipo kwa ajili ya uhai wako. Tumia Bluetooth, au waya wa optiko kama spika na kompyuta zote zina tundu lake, maana hapo umeme hauna pa kupita. Bluetooth kwa muziki haina shida ila kwa kuediti hapana, mdomo unatangulia, sauti inafuata. Mi natumia ule waya wa kawaida, nyekundu na nyeupe upande wa spika, kichwa kama cha hedifoni upande wa kompyuta.

Kupanga mezani ndo sehemu ya bure na inabadilisha sauti kuliko kuongeza laki. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembe tatu inayolingana, zikiachana sentimita 75 na wewe kaa sentimita 75. Twita iangalie sikio, sio kifua. Ukiangalia nyuma ukakuta tundu la kutolea hewa, sogeza kutoka ukutani angalau sentimita 15, ukiigandisha ukutani bezi inavimba. Kona ya chumba ndo mbaya zaidi. Wimbi la bezi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, halitoshi kwenye chumba changu, linarundikana pembeni na jirani analisikia kuliko mimi.

Chini ya spika nimeweka vipande vya godoro, nimeomba kwa fundi makochi mtaani, nikakata vya mbele vinene na vya nyuma vyembamba ili spika ziangalie juu kidogo. Meza ikaacha kuvuma. Usikate godoro laini sana, spika itayumba, tafuta lile gumu la kukalia, unene wa vidole vitatu mbele na kimoja nyuma unatosha.