Jinsi ya kuangalia vipindi vya watu wa porini bila kupigwa changa la macho

Mimi ni kinyozi, niko Busia upande wa Uganda, na kwenye kiti changu mteja ana vitu viwili tu vya kuangalia, kioo na TV. TV nimeitundika juu ya kioo kwa hiyo ukinikuta nanyoa ujue kichwa kiko Busia ila macho yako Alaska. Nimechagua hivi vipindi vya wazungu wanaoishi msituni, wanawinda, wanakata kuni, wanakula walichoua wenyewe, manake mpira unaleta ugomvi na siasa inaleta ugomvi zaidi, lakini mtu akikutana na dubu wote tuko upande mmoja, mpaka madereva wa trela wanaosubiri karatasi za forodha wanasahau kuangalia saa. Nimeziangalia nyingi sana sasa na nimepata namna yangu ya kuziangalia, na nusu ya hiyo namna nimefundishwa na mjomba, ndugu yake mama, ambaye kila jioni anakuja kukaa kwenye benchi, hanyolewi, nywele zenyewe hana, anakuja kubishana na TV tu. Mjomba amekulia mteremko wa Elgon kwa hiyo msitu anaujua kwa miguu.

Cha kwanza jua unaangalia nini, manake watu wanavichanganya vyote wanaita vya porini. Kuna vile ambavyo watu wanaishi huko kweli na kamera imewafuata, kama Life Below Zero ya Alaska iliyoanza 2013. Kuna mashindano, na hapo mkubwa wao ni Alone, ulianza 2015, watu 10 wanatupwa kila mtu kivyake, kila mtu na vitu 10 alivyochagua, hakuna mpiga picha, anajirekodi mwenyewe, na anayebaki wa mwisho anaondoka na dola laki 5. Alafu kuna vya mtu mmoja jasiri anayekuonyesha mbinu, anaruka maporomoko, anakula mdudu, hapo bingwa ni Bear Grylls na Man vs. Wild yake ya 2006. Hii ya mwisho furahia kama unavofurahia sinema ya kungfu, basi. 2007 ilitoka hadharani kwamba usiku mwingine alikua analala hotelini, na baada ya hapo wakaanza kuweka maneno ya kueleza kwamba mambo mengine yameandaliwa. Mimi niliumia kidogo, mjomba hata hakushtuka, alisema mtu aliyelala porini anaamka na uso wa porini, huyu kila asubuhi anaamka na uso wa kwenda kazini.

Ukishajua aina, tafuta kamera iko wapi. Hii ndio mbinu rahisi kuliko zote na ukishaizoea huwezi kuiacha. Jamaa anaingia pangoni kwa tahadhari, hajui ndani kuna nini, labda chui, muziki unatetemeka, na picha unaiona kutoka wapi? Kutoka ndani ya pango. Yaani mwenye kamera ameshaingia, ameshakaa, pengine amekunywa chai, anamsubiri jasiri aje kugundua. Kwa Alone ni tofauti na ndio maana naiheshimu, ukimuona mtu anatembea kuelekea mbali na kamera ujue ameisimamisha kwenye stendi, amekatiza mbele yake, na itabidi arudi kuichukua, kwa hiyo kila mwendo mzuri unaouona ameutembea zaidi ya mara moja akiwa na njaa. Siku nilipoelewa hilo nikaanza kuwaonea huruma kwa mambo ambayo hata hayaonyeshwi.

Na sauti, zima. Kweli kabisa, mteja akinilalamikia kwamba clipper inapiga kelele hasikii kitu namwambia ndio vizuri. Bila muziki utaona dubu yuko mbali, anakula matunda yake, hana habari na mtu.

Sasa kuni. Mjomba haangalii uso wa mtu anaangalia kuni. Kuna siku tulikua tunaangalia jamaa mmoja, kipindi siwezi kukitaja, anasema yeye anatumia shoka tu kama babu zake, mjomba akanyanyua fimbo akagusa TV kabisa, akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akaonyesha mrundo wa kuni nyuma ya ile nyumba, vichwa vya magogo vyote bapa, laini kama meza. Shoka linaacha kidomo, akasema, linakula huku na huku mpaka gogo linakua kama penseli, hizi zimekatwa na msumeno. Mteja aliyekua kwenye kiti akageuka ghafla na mimi nikamkata zaidi ya alivyotaka, nikamnyoa kipara nzima bure. Lakini tangu siku hiyo wote tunaangalia kuni. Ivo ivo kwa zile video za YouTube za vijana wawili wanachimba bwawa la kuogelea la kifahari kwa kijiti, angalia kuta za shimo na angalia udongo uliochimbwa umeenda wapi. Shimo la ukubwa ule lazima liache kilima cha udongo, na kama kilima hakipo, basi nyuma ya kamera kuna tingatinga.

Kitu kikubwa zaidi na hapa ndio nataka ukae vizuri: fuata mafuta. Sio nyama, mafuta. Mtangazaji anakuonyesha mtu ameshika sungura anasema leo nimekula, ameokoka, na wewe unapiga makofi, kumbe sungura wa baridi hana mafuta na mtu akikaa wiki kadhaa anakula nyama kavu tupu bila mafuta wala wanga anazidi kudhoofika huku tumbo limejaa, anaharisha, kichwa kinamuuma, anatamani kula tena. Hili jambo wawindaji wa kaskazini wanalijua toka zamani. Nilipomweleza mjomba alisema hilo halihitaji Alaska, malewa bila karanga ni kuni. Kwa wasiojua, malewa ni machipukizi ya mianzi ya Elgon, yanakaushwa kwa moshi yanakaa miezi, ila yenyewe hayana kitu mpaka uyapike na karanga za kusaga, na yeye akiwa mtoto walikua wanapanda na baba yake kuyatafuta huku mama amebaki nyumbani anasaga karanga, yaani safari ya msituni ilikua nusu ya chakula tu, nusu nyingine ilikua shambani.

Ukiwa na hilo kichwani rudia msimu wa sita wa Alone, huko Great Slave Lake, Canada. Jordan Jonas aliua moose, mnyama kama paa ila ni mkubwa kuliko ng'ombe, na kila mtu anaona basi ameshinda. Lakini presha haikua nyama, ilikua yale mafuta aliyoyaweka akiba, na akaja mnyama mmoja anaitwa wolverine, fikiria nyegere wa nchi ya baridi, akamuibia. Pale ndio unatakiwa ushike moyo, sio kwenye mshale. Jamaa alimaliza siku 77 akashinda. Msimu uliofuata sheria zikabadilika, dola milioni 1 kwa atakayefika siku 100, na Roland Welker akazifikisha, alijijengea nyumba ya mawe na akaua muskox, mnyama kama ng'ombe mwenye manyoya mpaka chini. Na ukitaka kuona upande wa pili angalia msimu wa tatu wa Patagonia, kuna dada alifika siku ya 86 akatolewa na madaktari, manake wanakuja kupima na ukikonda kupita kiwango unatolewa hata kama unalia unataka kubaki, mshindi akawa na siku 87. Siku moja tu banange! Sasa niambie pale dubu alikua na kazi gani.

Hivyo vya watu wanaoishi huko kweli swali lake ni lingine, uliza pesa inatoka wapi. Sio kwa ubaya. Sue Aikens wa Life Below Zero anakaa Kavik, zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya mstari wa Aktiki, na 2007 dubu alimjeruhi vibaya sana, huyo mama sio wa kuigiza. Lakini Kavik ni kambi, kiangazi wageni wanalala pale wanalipa, na mafuta ya jenereta hayaoti msituni, yanaletwa. Ukijua hivo unaacha kuota kwamba kuna mtu ameikimbia pesa na unaanza kumuona kama mwanamke mwenye biashara mahali pagumu, kitu ambacho mimi kama kinyozi nakielewa haraka zaidi.

Kama huna muda wa kuangalia wote, mtafute aliyezaliwa humo. Kwenye kipindi hicho hicho kuna Agnes Hailstone wa Noorvik, ni Inupiaq, yaani wenyeji wa asili wa Alaska kaskazini, ana kile kisu cha nusu mwezi wanakiita ulu. Mjomba siku zote anasema maneno lakini Agnes akianza kuchuna ananyamaza, anaangalia mkono tu. Haongezi nguvu, kisu kinaenda chenyewe, ngozi inatoka kama shati. Wengine wanaeleza sana wanachofanya, yeye anafanya huku anaongea mambo ya watoto.

Alafu angalia sheria, kitu ambacho vipindi vinapita haraka. Mto Yukon kuna gurudumu la kuvulia, linazungushwa na maji yenyewe na vikapu vyake vinachota samaki, mjomba alilipenda hilo akasema ni mgono uliopata akili. Ila 2024 Alaska na Canada walikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni aina ya Chinook mto huo kwa miaka 7, samaki wamepungua sana. Kwa hiyo hata kule ardhi ina mwenyewe na mwenyewe ana karatasi. Wateja wangu wavuvi wa Majanji wanaelewa vizuri sana hiyo, ukitaja tu saizi ya nyavu saluni inakua bunge. Na ukianza kuota kwamba utaenda na wewe kutega swala ujue sheria yetu ya wanyamapori ni ya 2019 na haina mchezo. Huku kwetu Uganda Batwa ndio waliokua wanaishi msituni kweli, na 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa wakatolewa, leo pale Mgahinga wanawatembeza watalii kuwaonyesha walivyokua wanawasha moto na walivyokua wanawinda, uwindaji wa kuigiza, mnyama haguswi. Mimi nikimaliza kuangalia mzungu anasifiwa kwa kuwasha moto kwa vijiti nakumbuka hao.

Nije kwenye kujaribu mwenyewe manake najua utajaribu. Maji ya ziwa usiyachezee kwa kuwa umeona mtu anachota kwa kofia, kichocho kipo na hakionekani kwa macho, na uyoga usiomjua mama yake uache. Moto jaribu. Mimi nilijaribu nyuma ya saluni na dereva mmoja wa trela aliyekua amekwama siku tatu, tukatengeneza upinde na kamba ya kiatu na kijiti, tukasugua zaidi ya saa nzima, tukapata moshi, tukashangilia, moshi ukaisha, viganja vikapata malengelenge na mimi kesho yake nashika clipper kama nimeshika kaa la moto. Kosa letu baadae nililielewa, ubao ulikua mgumu na haukukauka vizuri, unataka mti mwepesi, mkavu kabisa, ukiubonyeza na ukucha unaacha alama. Tukiwa bado tunabishana mke wa mjomba akapita, akatuangalia, akaenda kwa mama wa chapati akarudi na kaa moja juu ya kipande cha bati. Akaliweka pale kwenye nyasi zetu, akapuliza mara mbili, moto. Mjomba akasema kwao hakuna aliyekua anawasha moto kila siku, moto ulikua unaombwa kwa jirani, mtoto anatumwa asubuhi anarudi anakimbia na kaa linawaka mkononi kwenye kigae, na mtu wa kuanzisha moto mwenyewe kila siku ni mtu asiye na jirani.

Ndio maana kwenye Alone huwa naangalia sana siku wanapoanza kuongea na kamera mambo ya nyumbani. Msimu wa kwanza kuna mmoja aliondoka hata siku moja haijaisha, alisikia dubu, sawa, lakini wengi wanaofika mbali hawashindwi na dubu, wanakaa tu jioni wanamtaja mke, wanataja mtoto, na ukiona hivo jua simu ya setilaiti ya kuomba kutolewa iko karibu. Mimi na mjomba tunabeti soda hapo. Mpaka sasa anaongoza.

Mwisho mambo ya bando. Daunilodi usiku, ni nafuu, weka kwenye flashi, manake ukitegemea intaneti ya mchana dubu anaganda amenyanyua mguu. Na stima ikikatika katikati ya kipindi na wewe umenyolewa upande mmoja usiinuke kwenye kiti, nje kuna watu, kaa hapo hapo mjomba akusimulie kilichobaki. Atakuongopea lakini kuni atazitaja sawasawa.