Namna ya kuchagua nchi ya kwenda likizo na mtoto wa sekondari bila kurudi mmenuniana

Likizo ya kwanza niliyompeleka binti yangu nje ilikuwa Dubai, siku nne, mwezi wa saba, na kitu ninachokikumbuka zaidi ni kiyoyozi. Nje joto limepita nyuzi 40, ukishuka tu kwenye teksi miwani inaingia ukungu, sasa mtoto wa miaka kumi na tano utamfanyia nini, akajilalia na simu yake mimi nikabaki nazunguka maduka ya vitu nisivyonunua. Nauli nimelipa, visa nimelipa, tumerudi Tabata kila mtu kanuna kivyake. Na wala siilaumu Dubai, watu wanaenda Desemba na Januari wanafurahi kabisa, kosa lilikuwa langu maana nilichagua nchi kwanza halafu ndo nikaanza kujiuliza tunaenda kufanya nini. Siku hizi nchi naiweka mwisho.

Anza na kalenda kabla hujafungua simu kutazama picha. Watoto wetu wanafunga shule mwezi wa sita na Desemba, na hizo ndo tarehe ambazo kila mzazi anazitaka kwa hiyo tiketi zinapanda. Kama wako kamaliza fomu foo una bahati, mtihani unaisha Novemba na fomu faivu wanaingia Julai, hapo katikati una miezi mingi ya kuchagua wiki ya bei nafuu. Halafu angalia mwezi wako kule unakotaka kwenda ukoje. Cape Town mwezi wa sita ni baridi na mvua, na kile kigari cha waya kinachopandisha watu Table Mountain huwa kinafungwa kwa matengenezo kipindi cha Julai na Agosti. Victoria Falls ni kinyume, mwezi wa sita maji bado yanamwagika ya kutosha unalowa mwili mzima, ukienda Oktoba au Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu unauangalia. Mauritius jihadhari na vimbunga kuanzia Novemba mpaka kama Aprili.

Baada ya hapo ni pasipoti, hii ndo inapunguza orodha haraka kuliko kitu chochote. Sisi Watanzania tunaingia bila visa Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini na Mauritius, na Seychelles pia ila kuna kibali cha mtandaoni unajaza kabla ya kusafiri. Ulaya kwenye nchi za Schengen (zile zinazotumia visa moja) visa ni yuro 90 kwa mtu mzima na mtoto akishafika miaka 12 analipa hiyohiyo ya mtu mzima, na wakikunyima hawarudishi. Simkatazi mtu, ila kwa safari ya kwanza ya mzazi na mtoto mimi nisingeanza na presha ya kusubiri visa huku dogo kashawatangazia darasa zima anaenda Paris. Zanzibar sihesabu, najua ile boti inajisikia kama unahama nchi lakini hapana.

Sasa kazi yenyewe. Chukueni karatasi mbili, kila mtu aandike vitu vitatu anavyotaka kufanya, marufuku kuandika jina la nchi. Wangu aliandika: kulala mpaka saa tatu, kupiga picha sehemu ambayo hakuna wa darasani kwake aliyefika, kula vitu ambavyo sipiki. Mimi niliandika: historia, hewa ya baridi baridi, na nisipande ngazi nyingi maana magoti yangu nayajua mwenyewe. Mkibadilishana hizo karatasi ndo mnaona mnagongana wapi, na kugongana wenyewe huwa ni kudogo kuliko mlivyodhani. Kwa zile zetu Cape Town ilikaa yenyewe: mlima una kigari kwa hiyo goti linapumzika, kuna Bo-Kaap na nyumba zake za rangi zote kwa ajili ya picha, halafu ule ni mtaa wa Waislamu wa zamani kwa hiyo chakula halali hutafuti kwa tochi, na kuna kisiwa cha Robben Island ambako Mandela alikaa miaka 18 kati ya 27 aliyofungwa. Anayekuzungusha gerezani kule mara nyingi ni mtu aliyefungwa palepale, na binti yangu ambaye historia ya darasani inampa usingizi alisahau simu mfukoni saa nzima. Tiketi za ile boti kateni mapema sana Desemba zinaisha.

Karatasi zenu zikija tofauti, nchi nayo itakuwa tofauti. Dogo anayetaka kitu cha kumtetemesha mpeleke Livingstone (Zambia) au Victoria Falls (Zimbabwe), kwenye daraja la mpakani wanaruka na kamba mita 111 (mimi ningesaini fomu nimefumba macho, au nisingesaini). Mkiwa na siku tatu tu na hela ya kubana basi Kigali, ndege haifiki hata masaa mawili, mji msafi unatembea kwa miguu jioni bila wasiwasi, ila kama mtaenda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi ongea naye kabla, usimpeleke kama unampeleka bustanini. Nairobi nayo usiidharau, mbuga ipo hapohapo mjini.

Bajeti mwambie ukweli, tena kwa namba. Wazazi wengi tunaficha halafu tunakasirika mtoto akiagiza juisi ya bei. Mimi kule Cape Town nilimpa randi 1,500 nikamwambia kesho siku ni yako, mimi ni abiria tu, chakula, usafiri na viingilio vya wote wawili viko humo. Usiku namuona anapiga mahesabu kitandani kama mama mwenye kibanda. Asubuhi tiketi za mlimani zikala sehemu kubwa, akatulia kidogo, akasema mama leo lanchi ni sambusa. Tukala sambusa tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya pinki Bo-Kaap, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakuna aliyelalamika maana aliyepanga ni yeye. Ila na hilo la mlima ujue, upepo wa Desemba kule hauna adabu, siku mbili za kwanza kigari hakikupanda na wingu limefunika kilele kizima, wenyewe wanaliita kitambaa cha meza. Kwa hiyo kitu mnachokitaka sana kipangeni siku ya kwanza, ikishindikana bado mna siku za kujaribu tena.

Chumba omba vitanda viwili hata kama ni ghali kidogo, mtoto wa umri huo na kitanda kimoja na mama yake ni ugomvi wa blanketi. Bando la intaneti nunueni pamoja na mkubaliane mapema muda wa simu kuwekwa chini.

La mwisho ni makaratasi na hapa usicheze. Mtoto chini ya miaka 18 anayesafiri na mzazi mmoja beba cheti chake cha kuzaliwa cha RITA na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyogongwa muhuri na wakili, hata kama mnakoenda hawadai, maana afisa wa dirishani ndo mwenye maamuzi siku hiyo. Angalia na jina lifanane kwenye cheti na kwenye pasipoti, herufi moja tu inakutesa. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi. Barua yetu baba yake aliisaini Mwanza akaituma kwa basi, imefika Ubungo siku mbili kabla ya ndege, nimeifuata mwenyewe na bodaboda. Mwaka huu binti ndo anatafuta tarehe, mimi nimepewa kazi moja tu ya kutafuta kile cheti, ambacho nakumbuka kabisa nilikiweka sehemu salama.