Jinsi ya Kutafuta Nyaraka za Kwakwaka'wakw Ukiwa Mbali

Siku mbili za mwanzo zilinipotea kwa sababu ya jina tu. Nilikuwa natafuta nyaraka za Kwakwaka'wakw, watu wa kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver na bara inayokikabili, upande wa Pasifiki wa Kanada. Nikaliandika jina lao kama wanavyoliandika wenyewe katika katalogi ya hifadhi moja. Yakaja majibu manne, mawili kati yake hayakuwahusu kabisa. Siku ya tatu nikaandika "Kwakiutl". Yakamwagika mpaka nikachoka kuyafungua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanzia pale nilipoanzia: yuko mbali, ana kompyuta na intaneti ya kuungaunga, na hajui abishe mlango upi.

Hatua ya 1: Kusanya majina kabla ya kutafuta chochote

Chora jedwali la safu tatu: jina wanalojiita leo, jina lililoko kwenye nyaraka, na aliyelieneza. Kwakwaka'wakw maana yake ni wasemao Kwak'wala. "Kwakiutl" ni jina la watu wa kijiji cha Fort Rupert peke yao, ila mwanaanthropolojia Franz Boas aliwabandika wote, na makatalogi yakamfuata. Jirani zao Nuu-chah-nulth utawakuta chini ya "Nootka", jina lililotokana na safari ya Kapteni Cook mwaka 1778. Watlingit wa Alaska, katika karatasi za Warusi, ni "Kolosh". Visiwa vya Haida Gwaii vilikuwa Queen Charlotte hadi 2010.

Aliyewahi kuitafuta Kilwa katika karatasi za Wareno akakutana na "Quiloa" hatashangaa.

Weka na majina ya vijiji. Fort Rupert ni Tsaxis, Alert Bay ni 'Yalis. Mara nyingi kijiji hukufikisha haraka kuliko kabila.

Hatua ya 2: Shika tukio moja, ulifuate

Ukimwandikia mhifadhi nyaraka kwamba unatafuta "utamaduni wa wenyeji asilia", atakujibu kwa adabu na orodha ya maboksi mia. Mpe tukio. Mimi huwafundishia wanaoanza kwa potlachi ya Dan Cranmer, mmoja wa Kwakwaka'wakw, Desemba 1921, katika kisiwa cha Village Island.

Potlachi ni shughuli kubwa ya ukoo: mwenyeji hualika watu, ngoma ambazo ni haki ya familia huchezwa, majina na warithi hutangazwa, kisha wageni hugawiwa mali kwa sababu wameshuhudia. Kanada iliipiga marufuku kwa sheria ya 1884 iliyoanza kutumika 1885, na marufuku ikakaa hadi 1951. Baada ya shughuli ya Cranmer watu walishtakiwa, wengine wakafungwa gereza la Oakalla, na familia zikashinikizwa kusalimisha vinyago, kayamba, filimbi na ngao zao za shaba ili ndugu zao wapunguziwe adhabu.

Sasa jiulize: kila mkono uliogusa jambo hili uliacha karatasi gani, na karatasi hiyo ilipelekwa wapi? Wakala wa serikali, William Halliday, alikuwa akiwaandikia wakubwa wake Ottawa. Barua hizo ziko hifadhi ya taifa ya Kanada, katika kundi liitwalo RG 10, na mambo ya potlachi yamewekwa faili namba 6244. Maikrofilamu nyingi za kundi hilo zimeskaniwa, unazisoma bure. Usitegemee kisanduku cha kutafutia humo. Kurasa ni picha tu. Angalia tarehe za barua, ruka mpaka miezi ya kwanza ya 1922, halafu soma taratibu. Vifaa navyo vilitawanyika: vingine makumbusho ya Ottawa na Toronto, vingine akauziwa mkusanyaji George Heye wa New York. Kila kituo kina rejista yake ya mapokezi.

Hatua ya 3: Uliza mwandishi alikuwa akilipwa na nani

Hapa sitakawia. Karani wa Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama, aliandika ngozi, hali ya hewa na nani kafika na mtumbwi. Shajara za vituo vyao ziko Winnipeg. Mmisionari alihitaji wafadhili. Wakala alitaka Ottawa iamini kwamba sheria inafanya kazi. Picha za mpiga picha Edward Curtis ni nzuri kweli, lakini nyingi zilipangwa, watu wakavalishwa mavazi ya zamani kwa ajili ya kamera. Zitumie kwanza kama ushahidi juu ya Curtis mwenyewe.

Hatua ya 4: Mtafute George Hunt

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Hunt alizaliwa Fort Rupert mwaka 1854. Baba yake alikuwa Mwingereza wa Hudson's Bay, mama yake Mtlingit wa ukoo wa heshima. Akakulia na kuoa miongoni mwa Kwakwaka'wakw. Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya Chicago, Boas alimfundisha kuiandika Kwak'wala, na kwa miaka 40 hivi, hadi alipofariki 1933, alikuwa akimpelekea kurasa kwa kurasa. Mwaka 1900 yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kushiriki sherehe, akaachiwa.

Katalogi itakuambia "Boas". Fungua skani uone: mstari wa Kwak'wala, chini yake Kiingereza cha Hunt, neno kwa neno. Unaposoma namna samaki anavyopasuliwa, kubanikwa na kuhifadhiwa, unamsoma mtu aliyekaa jikoni akauliza wanawake wa nyumbani kwake. Wake zake walichangia sana, ingawa orodha ya mkusanyiko haiwataji.

Barua zake ziko katika maktaba ya American Philosophical Society, chama cha wasomi cha Philadelphia. Nyingine zimo makumbusho ya historia asilia ya New York. Zianze za miaka ya 1920. Humo anasahihisha kitabu ambacho Boas alikichapisha 1897: mwenye kinyago hiki ni fulani, jina hili si lake. Ukinukuu kitabu cha 1897 bila kupitia masahihisho hayo, unarudia makosa ambayo mshirika wake aliyaona.

Hatua ya 5: Oanisha kifaa na karatasi

Vifaa vingi vya pwani hiyo vilivyoko makumbusho hayo ya historia asilia ya New York vina namba zinazoanza na 16/, kwa kawaida zimeandikwa kwa rangi nyuma ya kifaa. Itafute namba hiyo katika orodha aliyoituma Hunt, kisha linganisha maelezo. Kadi ya makumbusho ikisema "kinyago cha ndege" tu na Hunt akataja ndege, ngoma na ukoo, mwamini Hunt.

Andika boksi, folda na ukurasa papo hapo. "Nitakumbuka" ni neno lililonigharimu wiki nzima.

Hatua ya 6: Omba ruhusa, hata kama hifadhi haikudai

Niliwahi kuweka maneno ya wimbo kwenye slaidi ya mhadhara. Hifadhi ilikuwa imeuskani, hati miliki ilikwisha, nikajiona niko salama. Baada ya mhadhara mama mmoja mtu mzima akanijia, akaniambia bila ukali kwamba wimbo ule ni wa familia fulani, na mimi si wao. Niliufuta usiku ule ule. Kwao wimbo, jina na ngoma vina mwenyewe, na anayevirithi hutangazwa mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo andikia jamii mapema, kabla hujaandika sura ya kwanza. Vifaa vilivyochukuliwa baada ya 1921 vilipoanza kurudi vilijengewa vituo viwili: Cape Mudge mwaka 1979, na U'mista pale Alert Bay mwaka 1980. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mambo manne: mimi ni nani, natafuta tukio gani, nimeshaona faili zipi, na nakala za skani zangu niwapelekee kwa njia gani. Jibu lilichukua wiki sita. Lilikuja na jina la kijiji ambalo nilikuwa nimelikosea katika jedwali langu tangu siku ya kwanza.